Kamba Isiyojua Kusalimia

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Yeyote aliyewahi kutumwa dirisha la nne, akafika akaambiwa arudi la kwanza, ameshafika kwetu na hahitaji ramani. Mimi ni Afisa Habari wa Wizara ya Mashine na Maadili. Kazi yangu ni kusema ukweli ukishapitishwa, na haya nitakayoyasema yamepitishwa yote, isipokuwa yale ya mwisho, ambayo hakupatikana mtu wa kuyapitisha.

Serikali ilinunua roboti wa kuokoa watu. Mtu akizama, akifukiwa na kifusi, akinaswa kwenye moto, roboti atakwenda amtoe. Alikuja ndani ya sanduku moja kubwa, mzima kabisa: ana kichwa, ana jicho pana katikati ya paji, ana sikio, ana mkono mmoja wenye nguvu ya kuinua ng'ombe, na ana miguu miwili. Tukampa jina Tegemeo. Siku ya kumpokea tulichinja na kula vizuri.

Shida ilianza bungeni. Waheshimiwa walitaka kujua Tegemeo atakaa wapi. Kila mbunge alisimama akathibitisha, wengine kwa machozi, kwamba watu wa jimbo lake ndio wanaoanguka zaidi. Mmoja aliapa kwamba kwao watu huanguka hata mahali tambarare. Mjadala ulikuwa mrefu, nusura upate posho ya pili, hadi ikatumika ile busara ambayo nchi yetu haijawahi kuikosa: Tegemeo agawanywe.

Kichwa kikabaki makao makuu, kwa kuwa vichwa vyote vya nchi hukaa huko. Jicho likapelekwa milimani. Sikio likapewa mji wa Pwagu, kusini kabisa. Miguu ikatenganishwa, mmoja magharibi na mmoja mashariki, pasije pakatokea mkoa wa kudai kwamba mwenzake ametangulia. Mkono ukaenda Mtunguja, kaskazini, nyumbani kwa Waziri wetu, Mheshimiwa Gombera, kwa sababu ambazo ni za kiufundi. Kiwiliwili hakikutakiwa na mtu.

Kwa hiyo kila upande wa nchi ukawa na roboti. Vyombo vya habari, yaani mimi, vikatangaza hivyo.

*

Sasa viungo vilivyotawanyika namna ile vitafanyaje kazi moja? Ndipo alipoajiriwa Injinia Lutengano, kijana mpole aliyesoma mbali, mwenye tabia mbaya ya kujibu swali aliloulizwa. Alitueleza kwamba kinachotakiwa ni kiunzi, yaani programu moja ya kompyuta ambamo kila kiungo kitajipachika, kitume ujumbe na kupokea, ili Sikio la kusini likisikia kilio, Mkono wa kaskazini upate habari papo hapo. Na uzuri wa kiunzi, alisema, ni kwamba ukishakiandika mara moja unakitumia tena na tena: leo kwa roboti, kesho kwa pampu za maji, keshokutwa kwa taa za barabarani, bila kuanza upya. Kiunzi hakiulizi kijenzi, yaani chochote kilichojipachika humo, kimetengenezwa na nani wala kwa kitu gani. Kinajali kijenzi kijue kusema na kujibu, basi.

Siku ya majaribio tulikaa ukumbini makao makuu tukitazama skrini. Kule Pwagu mama mmoja alilia mbele ya Sikio, na kabla hajamaliza kwikwi ya kwanza, Mkono kule Mtunguja ulikuwa umekwisha kuinua godoro lililowekwa kwa ajili hiyo. Tukapiga makofi. Waziri hakupiga.

"Injinia," alisema, "hebu nieleweshe. Sikio limesema na Mkono?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Moja kwa moja."

"Na Kichwa kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, mheshimiwa. Ila kwa jambo la haraka hakihitajiki."

Makatibu wakuu walitazamana, kila mmoja akijishika kichwa chake kana kwamba kimetajwa.

"Hakihitajiki," Waziri alirudia taratibu. "Kwenu mtoto akiingia barazani, wazee wamekaa, anapita katikati yao kuomba chumvi bila hata shikamoo?"

"Mheshimiwa, hivi ni vifaa tu."

"Vifaa vya nani? Vya serikali hii. Basi vitakuwa na adabu ya serikali hii. Heshima si utumwa, Injinia."

Desturi yetu mnaijua. Kwetu mtu hasimami akasema neno kabla ya kuwatambua waliopo, kwa vyeo vyao, kuanzia aliye juu. Harusini ni hivyo na msibani ni hivyo. Nimewahi kuhudhuria mazishi ambapo marehemu alitajwa baada ya katibu tarafa, na hakulalamika. Desturi hiyo nzuri ndiyo iliyotiwa ndani ya Kiunzi. Viungo vikapewa vyeo na kuanza kuitwa kama watu: Mheshimiwa Kichwa, Mlezi wa Fikra; Mheshimiwa Mkono, Mwinuaji wa Wanyonge; Mheshimiwa Jicho, Mlinzi wa Upeo; Mheshimiwa Sikio, Msikilizaji Mkuu wa Wananchi; Ndugu Mguu wa Kulia; na Ndugu Mguu wa Kushoto, Kaimu. Kaimu wa nini haikusemwa. Kijenzi kinachotaka kutuma ujumbe sharti kiwatambue wote walio juu yake, mmoja mmoja, na kila mmoja ajibu, "Nimepokea, endelea." Kikimaliza ndipo kiseme shida yake. Kikikosea cheo, kianze upya.

"Mheshimiwa," Lutengano alijaribu, "basi angalau tuweke ile ya mkato. Watu husema itifaki imezingatiwa, wakaendelea."

"Hiyo ni ya binadamu, wana njaa, wamekaa juani. Mashine ina haraka gani? Haili, hailali, haina mke wa kuigombeza ikichelewa."

Lutengano akarudi kwenye meza yake akaandika alivyoagizwa. Bahati mbaya alikuwa fundi mzuri, akaandika vizuri mno.

Kiunzi kikatumika tena na tena, kama alivyoahidi. Kilitiwa kwenye taa za barabarani, na taa nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyo juu, ikawa inasalimiwa hadi foleni ikapinda mtaa wa pili. Kilitiwa kwenye mashine za kupozea maziwa, na taifa zima likajifunza kupenda mtindi. Lifti ya wizara yetu ikawa haipandi mpaka itambue ghorofa zote zilizo juu yake. Tukahamia kwenye ngazi na vitambi vikapungua. Nchi jirani zilituma wajumbe kuja kujifunza. Walirudi kwao kimyakimya, nadhani kwa wivu.

*

Ili Kiunzi kisihujumiwe, ilitungwa Sheria ya Kuokoana. Ilikuwa fupi: mtu asimwokoe mtu ila kwa kijenzi kilichosajiliwa. Nia ilikuwa njema. Kama kila raia angeokoa jirani yake kiholela, Tegemeo angebaki na kazi gani?

Basi ikatokea kwamba kijijini Kiongoroni kulikuwa na mchimba visima aitwaye Chande. Alikuwa akichimba kisima pamoja na mkewe Siwema, yeye chini na jembe dogo, mkewe juu akivuta ndoo ya udongo. Asubuhi moja, jua limeshapanda, ukuta wa kisima ukabomoka ukamfukia Chande hadi kiunoni. Hakuvunjika popote. Alikuwa anaongea, hata alitania kwamba leo kisima kimemchimba yeye. Lakini udongo wa juu yake ulikuwa umelegea, unadondoka kidogokidogo, na aliyewahi kuchimba kisima anajua maana yake.

Siwema akapiga mayowe, majirani wakaja mbio. Walimtupia Chande kamba ya katani, ileile aliyoshukia, akaifunga kwapani. Walikuwa wameshaanza kuvuta, udongo umeanza kumwachia, Koplo Ngwale wa kituo cha polisi alipofika.

"Simameni hapo hapo! Hiyo kamba imesajiliwa?"

"Afande, hii ni kamba," Siwema alisema.

"Naona ni kamba, mama. Nauliza imesajiliwa?"

"Kamba inasajiliwa wapi?"

"Kwenye Kiunzi. Kijenzi chochote cha kuokolea lazima kijulikane na wenzake. Na ili kijulikane, lazima kiweze kuwasalimia. Hii inaweza kusalimia?"

Majirani wakaitazama kamba. Jamaa mmoja aliyekuwa mbele, mikono yake bado imeishika, alisema kwa sauti ya chini, "Haijui kusalimia, afande."

"Haya, nikiwaachia, nani atakuja kunitetea mimi? Mwambieni aifungue."

Na Chande, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutii, akaifungua. Koplo aliikunja kamba akaitia kwenye buti la gari lake kama kielelezo. Si mtu mbaya Koplo Ngwale. Nilipofika nilimkuta amempa Siwema maji ya kunywa, akimwambia, "Mimi natumwa tu, mama. Mimi natumwa tu."

*

Koplo alipiga simu wizarani, nikafika na Injinia Lutengano kwa gari la wizara. Nakiri nilikuwa na furaha. Tangu Tegemeo anunuliwe hakuwa amepata mtu halisi wa kumwokoa, na Waziri alikuwa ameshakwenda Mtunguja kusimama kando ya Mkono, pamoja na bendi ya shaba na wanafunzi wa shule mbili.

Kikwazo kimoja kilijitokeza mapema. Sikio lilikuwa Pwagu, na kilio cha Chande, hata angekuwa na mapafu ya simba, kisingefika huko. Lutengano alizunguka kisima mara kadhaa, kisha akasimama.

"Tumsajili yeye mwenyewe," alisema.

"Chande awe kijenzi?"

"Kiunzi hakiulizi kijenzi kimetengenezwa kwa kitu gani. Kinajali kijue kusema na kujibu. Na yeye anajua."

Tukaona ni akili kubwa. Lutengano alifunga simu ya upepo kwenye waya mwembamba, waya usioweza kuinua hata kiatu, akaishusha kisimani. Kwenye kompyuta yake akaandika: Kijenzi cha Muda, Daraja la Mwisho. Na kwa kuwa Chande alikuwa wa mwisho, wote waliobaki walikuwa juu yake.

"Mzee Chande, unanisikia? Nitakutajia, ufuatishe."

"Nakusikia, mwanangu. Udongo huku unashuka."

"Usiutaje udongo bado. Kwanza mtambue Mheshimiwa Kichwa."

"Nimwambie nini?"

"Humwambii kitu. Unamtambua tu."

Chande akavuta pumzi. "Mheshimiwa Kichwa."

"Mlezi wa Fikra," Siwema akamsaidia, amelala kifudifudi mdomoni mwa kisima. "Sema Mlezi wa Fikra, baba Tunu."

"Mlezi wa Fikra."

Tulisubiri. Makao makuu, chombo kikubwa chenye taa nyingi kilikuwa kinatafakari. Hatimaye sauti nzito ikatoka kwenye kompyuta: "Nimepokea, endelea." Watu wote wakashangilia.

"Ndiye anakuja?" Chande aliuliza kutoka chini.

"Bado, mzee. Huyo ni Kichwa."

Akamtambua Mkono. Akamtambua Jicho. Alipofika kwa Sikio, udongo ulikuwa umempanda hadi tumboni na sauti imeanza kukwama, akasema, "Msikilizaji wa Wananchi." Tukangoja jibu. Halikuja.

"Mkuu!" Siwema alipiga kelele. "Msikilizaji Mkuu, baba Tunu! Umemwacha Mkuu!"

"Mkuu," Chande alisema haraka. "Nisameheni. Mkuu."

Lakini kompyuta ilikuwa imeshaandika kwamba aanze upya. Sikuona ubaya wake wakati ule. Sikio ni chombo cha kusikia, na kama hakikusikia cheo chake kitasikiaje kilio?

Mara ya pili alikwenda vizuri. Alikuwa na kipaji, ungedhani amefanya kazi ya mshereheshaji. Alimpita Sikio salama, akampita Mguu wa Kulia, akafika kwa Ndugu Mguu wa Kushoto, Kaimu. Kimya. Akarudia. Kimya. Lutengano akapiga simu mashariki, akasikiliza, akashusha simu polepole.

"Wamefanya mabadiliko," aliniambia. "Leo hii. Mguu wa Kushoto si Kaimu tena. Amethibitishwa."

"Ni habari njema kwake," nilisema, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Lutengano alipiga magoti kwenye vumbi na kompyuta yake mapajani, vidole vikikimbia. "Naziondoa salamu," alinong'ona. "Naziondoa zote." Nikaona jasho likimdondokea kwenye vitufe. Kisha vidole vikasimama. Kiunzi kilimtaka kibali cha Kichwa kabla ya kubadilishwa, na ili aombe kibali cha Kichwa, ilimpasa kwanza ajitambulishe kama kijenzi kipya, chini ya Chande, na amtambue Chande pia. Yeye ndiye aliyekifunga Kiunzi hivyo, kisichezewe na watu wasiojua.

Niligeuka nikalitazama gari la polisi. Ncha ya kamba ilikuwa imebanwa na mlango wa buti, inaning'inia nje. Tulikuwa wengi pale, wanaume wazima wenye mikono, na kila mmoja aliiona. Tulitazamana kama wageni wanaongoja nani atanawa kwanza. Sijui kwa nini hakuna aliyenawa. Hadi leo sijui, na jambo hilo linanikosesha raha kuliko nilivyotegemea.

"Baba Tunu," Siwema alisema, sauti yake imeshuka, anamwongoza kama mama anayemfundisha mtoto sala. "Twende tena. Mheshimiwa Kichwa."

Mara ya tatu udongo ulikuwa kifuani. Kila cheo alikigawa vipande viwili, apumue katikati. Siwema alikuwa akivuta pumzi pamoja naye, na majirani nao, tukawa tunavuta pumzi wote. Hakukosea hata neno. Alipofika mwisho alisema, "Ndugu Mguu. Wa Kushoto. Aliyethibitishwa."

"Nimepokea, endelea."

"Sasa!" Lutengano akapaza sauti. "Sasa sema shida yako, mzee!"

Tukasikia tu udongo, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Kisha Chande akasema neno moja.

"Niinueni."

*

Kompyuta ikawaka kijani kuanzia juu hadi chini. Sijawahi kuona kijani kizuri vile. Kwenye simu ya Lutengano tukasikia bendi ya Mtunguja ikianza kupiga, na sauti ya Waziri juu yake:

"Ndugu wananchi! Mkono unainama! Mkono unafumba vidole! Ameinuliwa! Kijenzi cha Muda ameinuliwa! Leo, kwa mara ya kwanza katika historia, mnyonge ameinuliwa bila kuguswa na mtu yeyote!"

Waliokuwepo kule walinisimulia baadaye kwamba ilikuwa kazi safi. Mkono wa Tegemeo uliinama hadi chini, katikati ya uwanja wa mpira wa Mtunguja, ukafumba vidole kwa upole kama unaokota yai, ukapanda juu, ukageuka, ukakitua kwenye nyasi kile ambacho haukukishika. Wanafunzi wa shule mbili walipiga vigelegele.

Sisi wa Kiongoroni tuliinama kisimani.

"Baba Tunu," Siwema aliita. "Umeinuliwa?"

Lutengano alikuwa amekaa chini. "Hakuna aliyesema Mkono uwe hapa," alisema, hakumwambia mtu. "Kiunzi kinaunganisha ujumbe. Hakiunganishi..."

Kompyuta ikauliza, kwa ile sauti nzito: "Kijenzi cha Muda, una la nyongeza?"

Chande hakujibu. Kwetu mtu akiulizwa kama ana la nyongeza akakaa kimya, kikao kimefungwa. Kiunzi kikafunga kikao.

*

Wakubwa waliamua kufunika kombe. Lutengano alipewa nishani, akaomba likizo, na yuko likizo mpaka leo. Mimi niliandika habari iliyosomwa nchi nzima.

Kisha Siwema akaja wizarani. Alipanda ngazi hadi ghorofa yetu, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno, nikaitwa nimpokee.

"Kaka," alisema, "sikuja kugombana. Naomba kamba yangu. Nimtoe nimzike."

Nikafungua kompyuta nimtazamie. Kwenye Kiunzi, Chande alikuwa ameokolewa. Kumtoa kisimani mtu ambaye ameshatolewa ni kuichezea mifumo ya serikali, na adhabu yake inajulikana.

"Mama," nilisema, "mle kisimani hamna mtu. Bwana Chande aliokolewa siku ileile."

Hakulia.

"Aliokolewa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambieni arudi nyumbani. Tunu anamuulizia."

Sikuwa na jibu lililopitishwa. Nikamwambia tutalifanyia kazi, akanishukuru, akashuka ngazi. Nilibaki nimesimama pale mlangoni na nilitamani sana, sana, kuwa mtu mwingine mwenye kazi nyingine.

Hivi karibuni nilitumwa Kiongoroni kupiga picha mahali itakapojengwa sanamu ya Mkono. Nilimkuta Siwema ameketi kando ya kisima na kamba mpya ya katani mapajani. Kwa sheria ilivyo, kamba yoyote inaweza kusajiliwa, mradi ijue kusalimia. Alikuwa ameishika ncha yake karibu na mdomo, anaisemesha taratibu, cheo kwa cheo, na baada ya kila cheo ananyamaza kidogo kuipa nafasi ifuatishe. Koplo Ngwale, anayelinda kisima kisiingiliwe, alikuwa amekaa kwenye jiwe upande wa pili, kofia mkononi, na kila Siwema aliponyamaza yeye alisema polepole, "Nimepokea, endelea," ili kamba izoee.

Nilisimama nikawasikiliza hadi mwisho. Nilimsahihisha Siwema mahali pamoja tu, kwa kuwa Mguu wa Kushoto alikuwa amepandishwa tena.